Mie na Wifi, kwa Miguu Hadi Bagamoyo

Jumapili, 1 Septemba

Nimetembea tena baada ya misa ya kwanza. Tandika hadi Rangi Tatu, kurudi. Raba mpya zinabana kidole kidogo. Nitampa mwanangu Jeni, mie nirudie zile kuukuu. Anayekwenda hija kwa miguu asivae kiatu kipya. Hilo nitalisema kwenye kikao hata kama wamelichoka.

Kamati imenipa kazi ya njia na malazi. Kuna waliotaka apewe mwanamume. Paroko akasema, "Yustina ameshakwenda, anajua choo kilipo." Watu wakacheka. Lakini ndiyo ishu yenyewe. Mtu anaweza kulala sakafuni, anaweza kula maharage asubuhi na jioni. Choo kikikosekana hija inageuka ugomvi.

Wakati natoka kanisani nikaambiwa wifi Agripina naye amejiandikisha. Nimekosa raha tangu saa hiyo. Kwa nini mwaka huu? Kwa nini mwaka ambao mie ndiye napanga nani alale wapi?

Jumanne, 3 Septemba

Sare za shule zimejaa kwenye meza, mashine inakata uzi. Nimeshona huku namfikiria Agripina.

Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Laurent alipofariki, ukoo ulitaka asafirishwe Mahenge akalale na wazee wake. Mie nikamzika Kinondoni. Si kwa kiburi. Laurent mwenyewe aliniambia hospitalini, anataka azikwe pahala ambapo mie na Jeni tunaweza kufika. Hakuna mwingine aliyesikia. Wifi alisimama mbele ya waombolezaji akasema nimeyatunga. Akasema mtu aliyezikwa ugenini hajazikwa. Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, basi. Miaka mitatu. Hajakanyaga kwenye lile kaburi hata mara moja.

Nina hasira naye. Naiandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kuisema.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda kukagua njia, peke yangu. Miguu inauma lakini niandike kabla sijasahau.

Siku ya kwanza, Kinondoni hadi Bunju. Tuondoke alfajiri, Mwenge tuipite kabla jua halijapanda. Baada ya Tegeta kivuli ni cha kubahatisha. Bunju mwalimu mkuu amekubali kutupa madarasa. Sakafu ya saruji, baridi, kila mtu abebe mkeka na kitu cha kujifunika. Vyoo vinatosha. Maji ya bomba yanakatika, tupeleke madumu kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo.

Siku ya pili, Bunju hadi Kerege. Kuna ukumbi wa kigango. Wagonjwa na wazee nimewaombea vyumba kwenye gesti ya jirani. Safi, ina neti. Mwenye gesti ni Mwislamu, mama mmoja mpole, kasema siku hiyo hatapiga muziki.

Siku ya tatu, Bagamoyo. Masista watatupokea.

Sasa ishu ya ufukweni. Bwana Severini, makamu mwenyekiti wetu, anataka siku ya pili tuiache barabara tupite pwani, Mbweni kwenda Mapinga. Anasema barabara ina malori na pwani ina utulivu wa sala. Nikaenda kuiona. Ni kweli, ni pazuri. Lakini lazima uvuke mdomo wa Mto Mpiji. Asubuhi maji yamekupwa nikavuka, yakanifika mapajani. Nikaenda mbele kidogo, nikala, nikarudi. Alasiri mto ule ule ulikuwa bahari. Mchanga niliokanyaga asubuhi haupo. Sasa hivi ni bamvua, maji yanajaa kwa kasi na yanajaa mengi.

Nikasimama pale nimeduwaa. Nikaona watu wawili wanavukia juu zaidi, karibu na mikoko, ambako mto ni mpana na chini pagumu. Maji yakawafika kifuani. Huku karibu na bahari mkondo unavuta, usingebakiza mtu. Mie sikuvuka. Nikapita juu ya tuta la mashamba ya chumvi hadi nikatokea barabara kuu, nikapanda gari kurudi.

Niliogopa. Siku ya hija itaangukia bamvua jingine, mwezi mpevu. Nimehesabu mara mbili.

Jumapili, 8 Septemba

Kikao. Nimesema yote. Severini alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Alikuwa karani wa benki, anapenda mambo yaliyopangwa. Akasema tukiwahi tutavuka maji yakiwa chini. Nikamwambia watu wenye malengelenge hawawahi. Akasema barabarani nako watu wanagongwa. Hilo nalo kweli.

Wakapiga kura. Barabara imeshinda, si kwa wengi. Agripina aliinua mkono kwa pwani. Alikuwa ananiangalia.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimewapa watu maelekezo baada ya jumuiya. Kucha zikatwe mapema, si siku ya safari. Mafuta ya mgando katikati ya vidole na kwenye mapaja, soksi mbili, ile ya ndani iwe nyepesi. Ukisikia kisigino kinawaka simama hapo hapo, usingoje kituo. Tembea upande wa kulia ili gari likujie usoni. Wa mbele na wa mwisho wavae vizibao vya kung'aa. Usinywe maji mengi kwa mkupuo.

Wifi alikaa nyuma kabisa. Amepungua. Miguu yake imevimba vifundoni, nimeiona. Mtu wa miaka sitini na ushee. Nilitaka kumwambia asiende. Angedhani namzuia.

Jumatano, 18 Septemba

Misa ya kutuaga. Paroko akasoma nia za mahujaji kwa sauti, moja moja. Mama fulani anamwombea mwanawe apate kazi. Fulani anashukuru kupona. Halafu akasoma, "Agripina, anamwombea marehemu kaka yake Laurent apumzike." Zikafuata nyingine, halafu yangu. "Yustina, anamwombea marehemu mumewe Laurent."

Kuna watu waligeuka kutuangalia. Mie niliangalia sakafu. Nilisikia uso unawaka.

Hatuwezi hata kumwombea mtu bila kugongana.

Alhamisi, 19 Septemba. Bunju

Tumefika. Wote. Jua kali kuanzia Mbezi. Mwanakwaya mmoja kazimia Boko, akapewa maji ya chumvi na sukari, kainuka.

Ishu mbaya imetokea baada ya Tegeta. Basi dogo lilikuwa linalipita lori, likaacha lami, kioo chake cha pembeni kikampiga bega mzee mmoja wetu. Hakuvunjika. Ila alianguka mtaroni na watu wakapiga yowe, na kwa muda hatukujua kama yupo hai. Basi halikusimama.

Nimemfunga bega mwenyewe. Njia ni yangu. Mie ndiye niliyesema barabara.

Severini hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Amekaa na watu wake kwenye darasa la pili, wanaongea chini chini. Nikipita wananyamaza.

Wifi nimempangia darasa la karibu na choo, ukutani, ambako hapapitwi. Hajui kama ni mie. Sijali akijua au asijue. Hapana, najali.

Ijumaa, 20 Septemba. Kerege, jioni

Kalamu haishikiki vizuri. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi tulipojipanga watu walikuwa pungufu. Severini alikuwa ameondoka na kundi lake kwenda Mbweni, wapite pwani. Alimwachia Paroko ujumbe kwamba hawezi kuwarudisha watu barabarani baada ya yale ya jana, tukutane Kerege. Agripina kaenda nao. Kwa miguu ile.

Paroko alikasirika, akapiga simu, hazipokelewi. Nikasema wakiwahi watavuka. Nilijisemea hivyo njia nzima. Watakuwa wameshavuka. Nilikuwa nyuma kabisa ya msafara na kizibao, nawahesabu watu wangu, na kila dakika naangalia jua lilipo.

Tulishavuka daraja la Mpiji na kupumzika kwa chakula cha mchana. Ndipo simu ikaja kwa Paroko. Nilimwona anavyobadilika sura kabla hajasema lolote. Walichelewa. Kuta za hoteli ziliwazungusha, miguu ikawauma, wakasimama kusali rozari. Walipofika mtoni maji yameanza kujaa. Severini akavuka na wenye nguvu ili aone kina. Waliobaki walikuwa kwenye fungu la mchanga katikati, na nyuma yao nako maji yameshaingia. Hawawezi kuja, hawawezi kurudi.

Sikungoja kuulizwa. Nikadaka bodaboda. Nikamwelekeza tuta la chumvi, akasema haendi huko, nikamwambia kuna watu wanakufa, akaenda. Mwisho wa tuta nikashuka nikakimbia. Mie, mwili huu, nilikimbia.

Severini alikuwa ukingoni, maji yanamdondoka, anapiga kelele, "Rukeni. Ni padogo tu hapo." Pale pale chini, karibu na bahari. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Bwana Severini, nyamaza. Hapo pataua." Akanyamaza. Uso wake ulikuwa wa mtoto.

Kwenye fungu walikuwa wanawake wanne na baba mmoja. Wamejishikilia kama kuku kwenye mvua. Fungu lenyewe limebaki kama mkeka. Nikapiga kelele wapande juu, upande wa mikoko, wafuate mchanga mpaka unapoishia. Nikawa naenda nao sambamba, mie ukingoni, wao kwenye fungu. Wanaume waliokuwa wameshavuka wakaunganisha khanga na kamba ya turubai. Kule juu maji yalikuwa mapana lakini hayavuti sana. Severini akaingia na kamba mwenyewe. Hilo niliandike, aliingia wa kwanza.

Wakavuka mmoja mmoja. Wa kwanza, wa pili, yule baba, wa nne. Wifi hakuvuka. Alisimama, rozari mkononi, maji magotini, anaangalia mbele kama haoni mtu. Severini alimvuta, wifi akamsukuma. Severini akamvuta tena, akaanza kulia. Maji yakafika kiunoni.

Nikaingia. Sikuwaza. Baridi ilinikata pumzi. Katikati maji yalinifika kidevuni na nikasikia mguu unaacha ardhi, nikaning'inia kwenye ile kamba, nikaikanyaga tena. Nikamfikia.

Nikamwambia, "Shikamoo wifi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni kitu pekee tulichokuwaga nacho.

Akanigeukia. "Sijui kuogelea," akasema.

"Hata mie. Nishike kiunoni."

"Tutazama wote."

"Laurent atatucheka. Nishike."

Akanishika. Alinishika kwa kucha, nina alama mpaka sasa. Severini mbele, mie katikati na kamba kwapani, yeye nyuma. Mara moja aliteleza akaenda chini yote, nikasikia uzito wake wote mgongoni, nikasema basi, ndiyo hapa. Wale wa ukingoni wakavuta. Akaibuka anakohoa. Tukatambaa kwenye tope la mikoko kama kaa.

Nilipogeuka fungu halikuwepo.

Hakufa mtu. Naandika tena. Hakufa mtu. Mifuko miwili imekwenda na maji, na kiatu kimoja cha wifi.

Nilitapika nyuma ya gari la chumvi, watu wasinione.

Ijumaa, baadaye kidogo, kabla ya chakula

Severini alisimama ukumbini akasema kosa ni lake, watu wamsamehe. Wengine walilia. Mzee wa bega akamwita akae karibu naye. Mie sikuweza kumwangalia. Nitaweza, si leo.

Wifi homa. Nilimpangia chumba gesti na mtu mwingine, akakataa. Kamwambia mwenye gesti, "Niwekeni na wifi yangu." Mama wa gesti akaja kuniita. Nilikaa dakika nzima sijainuka.

Jumamosi, 21 Septemba. Bagamoyo

Jana tulilala chumba kimoja, vitanda viwili, neti mbili. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Aliniachia. Vifundo vyake ni kama mikate.

Akauliza, "Alisema kweli?"

Sikuuliza nani. Nikasema, "Alisema. Siku ile umetoka kwenda kumnunulia uji."

"Kwa nini asiniambie mie?"

"Angekwambia ungelia. Alikuwa anakuogopa ukilia."

Akajifunika shuka hadi kichwani. Nikazima taa. Sijui kama ameniamini. Sikumuuliza.

Leo alfajiri Paroko alimwambia apande kirikuu na mizigo. Akagoma. Hana kiatu. Mama wa gesti akampa ndala zake, za kijani, kubwa. Nikamfunga vitambaa nyayoni, nikamwekea mafuta. Tulitembea nyuma ya watu wote, mie na kizibao. Pole pole sana. Kila kwenye kivuli tulisimama. Magari yalipita karibu na kila moja lilinipasua moyo, tangu juzi nimekuwa mwoga wa sauti. Alipochoka alinishika bega bila kuomba.

Tumefika watu wameshakaa, wameshakunywa maji, kwaya imemaliza wimbo wa mapokezi. Hakuna aliyetupokea isipokuwa sista mmoja mwenye ndoo ya kunawia. Tukaenda kwenye msalaba. Akapiga magoti kwa shida, mie nikapiga pembeni. Tulimwombea mtu mmoja. Kila mtu kimya kimya, kwa maneno yake.

Malazi mazuri. Vitanda viwili kila chumba, bafu ndani, feni. Maji ya kunywa yachemshwe.

Jumatatu, 23 Septemba

Nipo nyumbani. Malengelenge matatu, kucha moja nyeusi. Jeni kanipikia, kanisuta, kalia. Kasikia kwa watu.

Kila nikifumba macho nasikia mguu unaacha ardhi.

Sare hazijaguswa.

Alhamisi, 26 Septemba

Kikao cha tathmini. Nimesema mwaka ujao barabara, lakini polisi waombwe watusindikize kuanzia Tegeta, na siku ya pili ianzie mbele ya daraja ili hata hamu ya pwani isiwepo. Wamekubali. Severini kajiuzulu umakamu, Paroko kakataa, kamwambia akae na afanye kazi. Wakati tunatoka nilimpa mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Jumapili, 29 Septemba

Wifi kaja baada ya misa. Kavaa kitenge cha bluu na ndala. Kasema, "Nipeleke."

Tumekwenda Kinondoni, sie wawili. Pamejaa makaburi, unapita kwa ubavu. Nilimtangulia. Alifika akasimama, akasoma jina la Laurent, akaligusa kwa vidole. Halafu akainama akaanza kung'oa majani. Nami nikaanza upande wa pili.

Baada ya muda akasema bila kuinua kichwa, "Mie bado ningempeleka Mahenge."

Nikasema, "Najua, wifi."

Tukaendelea kung'oa.